Kutoka Tuta la Jembe hadi Tuta la Reli: Historia Fupi ya Maneno ya Kudhibiti Mmomonyoko Mahali pa Ujenzi katika Mikoa ya Iringa na Mbeya

UTANGULIZI

Mwaka 1967 una nafasi ya pekee katika historia ya lugha yetu. Ndio mwaka ambao Serikali ilitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na ndio mwaka ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27. Katika mwaka huo huo, tarehe 5 Septemba, huko Beijing, nchi za Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi mkataba wa kujenga reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mambo hayo yalipangwa katika ofisi mbalimbali, lakini yalikuja kukutana mahali pamoja: katika milima ya Iringa na Mbeya, ambako maelfu ya wananchi wenye sururu na makoleo walihitaji maneno ya kazi ambayo wengi wao hawakupata kuiona kabla ya hapo.

Madhumuni ya makala haya ni kufuata historia ya sehemu moja ndogo ya maneno hayo, yaani maneno ya kazi ya kuuhifadhi udongo usichukuliwe na maji mahali panapojengwa barabara, reli, bwawa au nyumba. Sehemu hiyo ni ndogo katika orodha za istilahi, lakini si ndogo katika maisha ya watu. Udongo uliochimbuliwa kilimani na kuachwa wazi wakati wa masika hauketi ulipo. Huteremka katika shamba la jirani, katika kisima cha kijiji, katika mto, na mwishoni katika bwawa la umeme. Amri ya kuuzuia huandikwa na mhandisi, hufasiriwa na mfasiri, na hutekelezwa na msimamizi wa vibarua. Neno likipotea katikati ya safari hiyo, mtaro huchimbwa mahali pasipostahili.

Jambo tutakalojaribu kuonyesha ni hili: Kiswahili kimejipatia maneno ya kazi hii kwa vipindi viwili. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha jembe, nacho kilitupa maneno ya kuushika udongo. Kipindi cha pili kilikuwa cha greda na reli, nacho kilitupa maneno ya kuyapitisha maji. Kuna kazi ya tatu, ya kuyatuliza maji yenye tope ili yauache udongo kabla hayajatoka kiwanjani, na maneno ya kazi hiyo bado hayajatulia. Pengo hilo ndilo linalotupa sababu ya kuandika.

1. ARDHI YENYEWE NA MANENO MAWILI YA MSINGI

Msafiri anayetoka mjini Iringa kuelekea Mbeya hufika, baada ya kilometa kama 20, mahali panapoitwa Isimila. Hapo pana korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizosimama kama minara, na ndani yake, tangu mwaka 1951, wataalamu wameokota zana nyingi za Zama za Mawe. Zamani za kale hapo palikuwa na ziwa dogo. Udongo ulishuka kutoka vilimani ukatuama ndani yake, tabaka juu ya tabaka, ukazifunika zana za wakazi wa wakati ule. Baadaye maji ya mvua yakaanza kuyala matabaka hayo, yakazifichua zana na kuziacha nguzo.

Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake maneno mawili ya msingi ya somo hili hana budi kuwapeleka Isimila, kwa sababu yote mawili yanaonekana hapo kwa macho. Neno la kwanza ni mmomonyoko. Limetokana na kitenzi momonyoka, yaani kubomoka kidogo kidogo, kama ukingo wa mto au ukuta wa udongo ulionyeshewa. Neno la pili ni mashapo. Kwa asili mashapo ni masazo, kile kinachobaki baada ya kitu kukamuliwa au kuchujwa, kile kinacholala chini ya chombo. Neno hilo lilitoka jikoni likaingia darasani, na leo walimu wa jiografia hulitumia kwa udongo na mchanga uliotuama chini ya maji.

Maneno yote mawili ni mazuri, na hakuna haja ya kuyabadili. Lakini msomaji ataona kwamba la kwanza linataja mwanzo wa safari ya udongo na la pili linataja mwisho wake. Safari yenyewe, yaani wakati ambapo udongo umo ndani ya maji na unakwenda, haina jina lake. Mhandisi wa ujenzi hufanya sehemu kubwa ya kazi yake katika safari hiyo hiyo, na kwa hiyo mfasiri wake hupata taabu hapo kuliko mahali pengine.

2. MANENO YA JEMBE

Kiswahili kilikulia pwani, katika ardhi iliyo tambarare kwa sehemu kubwa. Kina utajiri wa maneno ya maji ya bahari, ya kupwa na kujaa, ya upepo na matanga. Maneno ya kulima mtelemkoni ilibidi yatoke kwa watu wa milimani au yaazimwe kutoka katika kazi nyingine. Neno ngazi liliazimwa kutoka katika nyumba na vyombo. Tuta lilikuwa la viazi na muhogo.

Watu wa Nyanda za Juu za Kusini walikuwa na maarifa yao na majina yao. Wamatengo wa Mbinga, jirani na mikoa tunayoizungumzia, huchimba mashimo yaliyopangwa kama seli za sega la nyuki, wakizika majani chini ya udongo wa kingo zake. Mashimo hayo huitwa ngoro. Kila shimo hupokea maji ya mvua ya mahali pake, yakaingia ardhini, na udongo ukabaki. Katika mkoa wa Iringa wakulima hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye matuta na vijito vidogo, ambazo hutumia unyevu wa bonde wakati wa kiangazi. Maneno ngoro na vinyungu yameingia katika Kiswahili cha maofisa wa kilimo bila kupigiwa kura katika kamati yoyote, kwa sababu vitu vyenyewe vilikuwapo na vilifanya kazi.

Wakati wa utawala wa Waingereza, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, neno tuta lilipata sura nyingine. Serikali ya kikoloni iliogopa kuharibika kwa ardhi, na katika wilaya kadhaa ililazimisha watu kujenga matuta kwa amri. Kilele cha ubishi huo kilikuwa Uluguru, mkoani Morogoro, ambako watu walikataa matuta ya ngazi, na mwezi Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo. Malalamiko ya wakulima hayakuwa ya siasa tupu. Kuchimba ngazi katika udongo mwembamba wa mlimani kuliufukia udongo wa juu wenye rutuba na kuutoa nje udongo wa chini usiootesha kitu vizuri. Somo hilo lingewafaa wajenzi wa barabara pia, kwa maana mtelemko uliochongwa hadi udongo wa chini hauoti majani upesi, na usipoota majani huliwa na mvua.

Tangu hapo neno matuta lilibeba kumbukumbu ya fimbo. Ni jambo la kuangaliwa kwamba miradi iliyofuata baada ya Uhuru ilijiita kwa neno jingine. Dodoma walikuwa na HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanza mwaka 1973. Shinyanga wakapata HASHI mwaka 1986. Mkoa wa Iringa nao ukapata HIMA, yaani Hifadhi Mazingira, ulioendeshwa kwa msaada wa Denmark katika miaka ya 1990. Neno hifadhi lilimwita mwananchi akilinde kilicho chake, na halikumkumbusha bwana shamba wa zamani.

Katika kipindi hicho hicho cha jembe, Kiswahili kilitoa istilahi moja ambayo imekwenda mbali kuliko nyingine zote. Huko Machakos, Kenya, wakulima walichimba mtaro kufuata usawa wa mlima na kuutupa udongo upande wa juu. Kazi hiyo iliitwa fanya juu, na ile ya kuutupa udongo upande wa chini ikaitwa fanya chini. Leo vitabu vya wataalamu wa ardhi katika lugha za kigeni huandika "fanya juu" kwa Kiswahili hicho hicho, bila kutafsiri. Nguvu ya istilahi hiyo ni kwamba asili yake ni amri. Mtu mwenye koleo akiisikia anajua mara moja udongo uende upande gani. Tutairudia hoja hii mwishoni.

3. FUNZO LA MAJARIBIO YA MBEYA

Kabla hatujaingia katika kipindi cha pili, inafaa kutaja utafiti uliofanyika karibu na Mbeya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki. Watafiti walichagua mabonde mawili madogo ya mlimani. Moja lilikuwa na msitu wa asili, na la pili lilikuwa na mashamba katika mitelemko mikali. Walipima mvua iliyoingia na maji yaliyotoka kwa muda wa miaka kadhaa.

Wengi wangetazamia kwamba bonde la mashamba lingepoteza udongo mwingi mno. Matokeo yalikuwa ya namna nyingine. Udongo wa huko umetokana na majivu ya volkano, una vinyweleo vingi, na hunywa maji ya mvua upesi. Bonde la mashamba lilitoa maji mengi zaidi kuliko la msitu, na udongo uliopotea ulikuwa mdogo kuliko ilivyohofiwa.

Funzo lake kwa mjenzi ni kubwa. Udongo huo huo ukikanyagwa na katapila na kushindiliwa na magari, vinyweleo vyake huziba. Maji ambayo jana yalizama ardhini leo yanatiririka juu yake. Kwa hiyo kiwanja cha ujenzi si shamba lililopanuliwa. Ni ardhi ya namna nyingine, iliyo wazi na iliyoshindiliwa kwa wakati mmoja, na maneno ya shambani hayawezi kukieleza chote. Tuta la viazi huushika udongo kwa sababu maji yanaingia ndani ya tuta. Kwenye ardhi iliyoshindiliwa maji hayaingii, na tuta likifurika hukatika.

4. MANENO YA GREDA NA RELI

Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kufika baharini. Katika muda wa miaka kumi tu, kazi tatu kubwa zilipita katika Nyanda za Juu za Kusini: bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, barabara kuu ya lami ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Oktoba 1970 na ambayo ilikabidhiwa Julai 1976.

Kila mojawapo ilikata milima. Barabara ilipanda mlima Kitonga, juu ya bonde la mto Lukosi. Reli ilipanda kutoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, hadi Makambako, mwendo wa kilometa zipatazo 158, na katika kipande hicho ilikusanyika karibu asilimia 30 ya madaraja, mahandaki na kazi za udongo za reli nzima. Daraja la mto Mpanga lilisimamishwa juu ya nguzo zenye urefu wa meta 50. Mahali pa juu kabisa pa reli hiyo pako Uyole, Mbeya, karibu meta 1,790 juu ya usawa wa bahari.

Katika kazi hizo Kiswahili cha ujenzi kilikua kwa kasi. Wataalamu wa China walifundisha kwa kiasi kikubwa kwa vitendo, mwalimu akifanya na mwanafunzi akiiga, na jina la kitu likaja baada ya kitu chenyewe. Tuta likapata maana ya pili, yaani udongo uliojazwa na kushindiliwa ili reli au barabara ipite juu yake. Handaki, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni shimo refu la kuzunguka ngome, likawa njia ya treni ndani ya mlima, ingawa wengine wanaendelea kulitumia kwa shimo refu la wazi. Kifusi kikawa udongo wa kujazia. Kalavati likaazimwa kutoka Kiingereza, nalo likaenea hata vijijini.

Hesabu ya reli ya TAZARA inatupa picha ya wazo lililotawala kipindi hicho. Reli ina urefu wa kilometa 1,860, madaraja 320, mahandaki 22 na makalavati 2,225. Yaani kwa wastani kuna zaidi ya kalavati moja katika kila kilometa. Wazo lilikuwa kuyapitisha maji haraka ili yasiharibu tuta, na kwa usalama wa treni wazo hilo lilikuwa sahihi. Lakini tazama kinachotendeka katika mdomo wa kalavati. Maji yaliyokuwa yametandaa mlimani kama shuka nyembamba yamekusanywa na mtaro, yakaletwa mahali pamoja, yakatolewa upande wa pili kwa nguvu. Yasipopokelewa na mawe au majani, huchimba. Mwaka wa kwanza ni mfereji mdogo, na baada ya miaka michache ni korongo katikati ya shamba la mtu.

Lugha ilifuata wazo hilo. Tulipata mtaro, mfereji, kalavati na daraja, yote yakiwa maneno ya kuyaondoa maji. Jina la mahali yanakofikia hatukulipata.

Si haki kuilaumu lugha kwa hilo. Ufundi wenyewe ulikuwa mchanga hata katika nchi tajiri. Jimbo la Maryland, Marekani, lilitunga sheria yake ya kudhibiti mashapo mwaka 1970, na lilikuwa la kwanza kufanya hivyo kwa jimbo zima katika nchi ile. Hapa kwetu, kati ya mwaka 1968 na 1972, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uppsala, Sweden, walikuwa ndio kwanza wanapima mmomonyoko Uluguru na mashapo katika mabwawa ya Dodoma. Kwa hiyo Kiswahili hakikuchelewa. Kilianza safari pamoja na wengine.

5. UDONGO ULIOKWENDA MBALI

Matokeo ya kukosa neno la mwisho wa mtaro yalionekana polepole. Maji ya mji wa Iringa huteremkia Ruaha Mdogo, ambao huingia Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Maji ya Lukosi, chini ya Kitonga, huingia Ruaha Mkuu baada ya Mtera na kwenda Kidatu, kituo kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975. Upande wa Mbeya, mto Songwe wa kaskazini hupeleka maji Ziwa Rukwa. Anayechimba msingi wa nyumba kilimani na kuacha kifusi wazi amekituma kifusi hicho katika mojawapo ya njia hizo, ajue asijue. Haba na haba hujaza kibaba, na mashapo hujaza bwawa kwa njia hiyo hiyo.

Mfano wa Kihansi unafundisha zaidi. Mto Kihansi hutoka katika nyanda za Iringa na kuporomoka katika ukingo wa milima ya Udzungwa. Kituo chake cha umeme, chenye uwezo wa megawati 180, kilianza kazi kati ya mwaka 1999 na 2000. Katika rasharasha za maporomoko hayo palikuwa na chura mdogo asiyepatikana mahali pengine duniani, aliyegunduliwa mwaka 1996. Mwaka 2003 milango ya bwawa ilifunguliwa na mashapo yaliyokuwa yamelala nyuma yake yakateremka. Mwaka huo huo chura walipungua ghafla, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Wataalamu wametaja sababu zaidi ya moja, nazo ni kupungua kwa rasharasha, ugonjwa wa kuvu, na mashapo yaliyobeba dawa za kuulia wadudu kutoka mashambani. Kwa mtu wa lugha, jambo la kujifunza ni kwamba mashapo hayabaki kuwa masazo yaliyolala. Yanaweza kuamka, na yanaweza kubeba sumu. Fasili ya neno katika kamusi haina budi kulitaja hilo.

Mwezi Aprili 2024, tope lililoshuka kutoka Mlima Kawetere lilifukia nyumba katika kata ya Itezi, jijini Mbeya. Magazeti yaliandika "maporomoko ya tope" na "maporomoko ya udongo". Ingawa maporomoko pia ni jina la maji yanayoanguka, hapana aliyekosa kuelewa, kwa kuwa neno lililofuata lilibainisha. Huo ni ushahidi kwamba lugha inaweza kuyabeba mambo haya iwapo tutaipa nafasi.

6. MANENO MATATU YANAYOMTATIZA MFASIRI

Tutazame sasa maneno ambayo humkwaza mfasiri na kumpoteza fundi.

La kwanza ni kinga. Maofisa wa kilimo wamezoea kusema makinga maji kwa mitaro na matuta ya kuyageuza maji yasiingie shambani. Lakini mama anayeweka ndoo chini ya paa naye anakinga maji. Katika maana ya kwanza maji hufukuzwa. Katika maana ya pili hukusanywa. Amri isemayo "kingeni maji ya kiwanja" yaweza kutekelezwa kwa namna mbili zinazopingana, na fundi hatakuwa amekosea kwa kuchagua yoyote.

La pili ni zuia. Tafsiri nyingi huandika "kuzuia mmomonyoko" na "kuzuia maji". Fundi aliyeambiwa azuie maji hujenga ukuta kukatiza njia yake. Maji hujikusanya nyuma ya ukuta, uzito unazidi, na ukuta unapopasuka udongo wote hushuka kwa saa moja badala ya kushuka kwa mwezi. Kitenzi dhibiti kinafaa zaidi katika kichwa cha habari, maana ni kutawala bila kufunga. Katika amri yenyewe inafaa kutaja kitendo hasa: geuza, punguza kasi, tuamisha, funika.

La tatu ni tope, ambalo hutumiwa kwa kila kitu. Tope ni udongo pamoja na maji. Udongo ukiwa bado umebebwa ndani ya maji yanayokwenda, hayo ni maji ya tope. Ukishatuama, ni mashapo. Tofauti hiyo si ya wasomi tu. Maji ya tope hushughulikiwa kwa kutulizwa. Mashapo hushughulikiwa kwa kuzolewa. Taarifa ikisema "ondoeni tope" mtaroni, kibarua mmoja atafungua maji yaende mtoni, na mwenzake atachukua koleo.

7. MAPENDEKEZO

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuhatarisha mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tena, tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, masharti ya namna hiyo yanapaswa kueleweka na kubishaniwa mahakamani kwa lugha hii. Istilahi isiyo imara itakuwa mwanya wa asiyetaka kutimiza wajibu wake. Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo yajadiliwe na walimu, wafasiri na mafundi wenyewe.

(a) Mtaro wa kugeuza maji: mtaro unaochimbwa upande wa juu wa kiwanja ili maji safi ya mlimani yapite kando. Neno kinga liachiwe kazi yake ya kawaida, na kukusanya maji ya paa kuitwe kuvuna maji ya mvua, kama watu walivyokwisha kuzoea.

(b) Kizingiti cha mtaro: mawe au fito zilizopangwa kukatiza mtaro, fupi kuliko kingo zake, ili maji yapite juu yake kwa mwendo wa polepole. Kizingiti cha mlango huvukwa, hakifungi njia. Sura hiyo itamwongoza fundi asijenge ukuta.

(c) Shimo la kutuamisha: shimo pana mahali pa chini pa kiwanja, ambamo maji ya tope hukaa hadi udongo utuame kabla ya maji kutoka. Kitenzi tuamisha kina sura ya kawaida ya Kiswahili na hakihitaji kuelezwa kwa mzaliwa wa lugha.

(d) Uzio wa kunasa tope: kitambaa kizito kilichofungwa kwenye mambo na kufukiwa chini, ambacho hupitisha maji na kuubakiza udongo.

(e) Matandazo: neno la shambani kwa majani yanayofunika udongo. Litumike vile vile kwa majani yanayotandazwa juu ya mtelemko uliochongwa hadi nyasi zitakapoota.

(f) Akiba ya udongo wa juu: udongo wenye rutuba uliotengwa kabla ya kuchimba, ili urudishwe juu ya mtelemko kazi ikiisha. Uluguru ilitufundisha hasara ya kuuzika.

HITIMISHO

Tumeona kwamba jembe lilitupa maneno ya kuushika udongo, na greda na reli zikatupa maneno ya kuyapitisha maji. Kilichobaki ni maneno ya mahali ambapo maji na udongo huachana. Katika kuyatafuta tuifuate njia ya fanya juu, istilahi iliyotoka katika mikono ya watu wa kazi na ikapokewa na wataalamu wa dunia bila kubadilishwa.

Orodha yoyote ya istilahi za ujenzi inapokamilika ofisini, inafaa isomwe kwa sauti mbele ya mafundi mahali pa kazi, iwe chini ya Kitonga au katika mitelemko ya Mbeya, kabla ya mvua za Novemba kuanza. Istilahi ambayo fundi ataisikia na kuchukua koleo kwenda upande unaotakiwa ipitishwe. Ile itakayomfanya aulize maana yake irudishwe kwa wafasiri ifanyiwe kazi tena.